Winga wa Rada: Namna Kampuni za Silaha Zinavyofika Dar es Salaam

Tembea katikati ya Dar es Salaam kutwa nzima, kutoka Sanamu ya Askari hadi Kivukoni, kisha upande Msimbazi uingie Kariakoo: hutakuta bango la kampuni kubwa ya silaha. Ni rahisi kuamua kwamba biashara hiyo ni ya Washington, Moscow na Beijing, na sisi yetu macho. Lakini kampuni hizi zina njia nyingine za kufika. Kamera za ulinzi za Hikvision zinazouzwa Kariakoo, ambazo wenye maduka huzifunga juu ya milango yao wenyewe, zinatoka kwa kampuni inayodhibitiwa na CETC, shirika la dola la China linaloliundia jeshi la nchi hiyo rada na mitambo ya elektroniki. Thales ya Ufaransa, ambayo huunda makombora na rada za kivita, iliinunua Gemalto mwaka 2019, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa laini za simu na kadi za benki duniani. Shirika letu la ndege, ATCL, hurusha ndege za Boeing na Airbus, na kampuni zote mbili zimo katika orodha ya wauzaji wakubwa wa silaha.

Msomaji makini atanikatiza hapa: kununua Dreamliner si kununua bomu, na laini ya simu haimuui mtu. Kweli kabisa. Ninachosema ni kwamba muuzaji ni yuleyule, na mara nyingi namna yake ya kuuza haibadiliki bidhaa inapobadilika. Januari 2020 Airbus ilikubali kulipa Ufaransa, Uingereza na Marekani jumla ya takriban euro bilioni 3.6 kumaliza mashtaka yaliyohusu mawakala na hongo katika nchi kadhaa. Ndani ya jalada hilo zilikuwamo ndege za abiria za Asia, na zilikuwamo pia ndege za kijeshi zilizouzwa Ghana.

Kuhusu ukubwa wa biashara yenyewe, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, hutoa hesabu kila mwaka. Mapato ya silaha ya kampuni 100 kubwa kwa mwaka 2023 yalikuwa dola bilioni 632, karibu mara nane ya pato zima la taifa la Tanzania kwa mwaka huo. Desemba 2020 SIPRI ilifanya kazi nyingine yenye manufaa zaidi kwa mada yetu: ilichora ramani ya matawi ya kampuni 15 kubwa kuliko zote, ikazikuta katika nchi zisizopungua 49. Thales na Airbus zilikuwa katika nchi 24 kila moja, Boeing na Leonardo ya Italia 21, Lockheed Martin 19. Wenyeji wakubwa wa matawi hayo ni Uingereza, Australia, Marekani, Canada na Ujerumani.

Ramani hiyo ni nzuri, ila imehesabu kampuni tanzu, ubia na vituo vya utafiti, yaani vitu vyenye anwani. Kwa nchi kama yetu kipimo hicho hakitoshi. Kampuni ya silaha inaweza kuiuzia Tanzania kwa miaka 30 bila kusajili tawi lolote hapa. Inahitaji wakala anayefungua milango, benki inayotoa mkopo, na mkataba wa matengenezo utakaomrudisha mnunuzi kwake kila kipuri kinapokufa. Hayo hayaonekani kwenye ramani.

Kampuni hizi hutoka nje ya nchi zao kwa sababu zinazoeleweka. Vita Baridi vilipokwisha, bajeti za majeshi ya Magharibi zilipungua na viwanda vikaanza kumezana. British Aerospace iliungana na Marconi Electronic Systems mwishoni mwa 1999, ikazaliwa BAE Systems, ambayo baadaye ilinunua viwanda vizima Marekani. Wanunuzi nao waliamka: India na nchi za Ghuba hazikubali tena kununua tu, zinataka sehemu ya kazi ifanyike kwao. Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana kwenye vipeperushi, nayo ni sheria. Rheinmetall ya Ujerumani ilichukua asilimia 51 ya kiwanda cha risasi na makombora ya mizinga cha Denel, Afrika Kusini, mwaka 2008. Mzigo unaotoka kule husafiri kwa kibali cha Pretoria, na wabunge wa Ujerumani wanaoipinga biashara hiyo hubaki kulalamika.

Pwani yetu iliyajua haya kabla ya neno utandawazi. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki za kushindiliwa mdomoni kwa bunduki mpya katika karne ya 19, mabaki yalitafutiwa soko, na soko mojawapo lilikuwa Zanzibar. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka kuelekea bara. Gobore lilisafiri na msafara uleule uliobeba kaniki na ushanga, likarudi kama pembe za ndovu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulidai kuikomesha biashara hiyo Afrika, na kwa sehemu kubwa uliwapa wakoloni ukiritimba wa bunduki nzuri. Upande wa pili, teknolojia ilikuwa ikivuka mipaka ya Ulaya bila shida: bombomu la Maxim liliundwa London, na kufikia miaka ya 1890 lilikuwa likitengenezwa pia Berlin kwa leseni. Wajerumani waliwapigia Wamatumbi na Wangoni katika vita vya Maji Maji bunduki za asili hiyo. Kampuni ya Maxim ilinunuliwa na Vickers mwaka 1897, na viwanda vya meli vya Vickers huko Barrow leo ni mali ya BAE Systems. Ukoo huu una kumbukumbu ndefu kuliko yetu.

Hata wakala alikuwapo. Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyekuja kama mmisionari, akaoa Unyamwezini na kuacha injili kwa ajili ya misafara, aliuza bunduki kuanzia pwani hadi maziwa makuu. Januari 1895 ofisa wa Kibelgiji alimnyonga huko Kongo kwa kosa la kuwauzia silaha maadui wa Mfalme Leopold. Hao walionunua na kuuza bunduki hizohizo wakiwa ofisini kwao Hamburg hawakunyongwa.

Baada ya uhuru kampuni zilirudi nyuma kidogo, dola zikasimama mbele. Ujerumani Magharibi ilianza kutusaidia jeshi la anga, ikaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi wa kuwapo kwa Ujerumani Mashariki Zanzibar na Dar es Salaam. Canada ilifundisha maofisa hadi 1970. Aliyebaki ni China, iliyoleta walimu, vifaru, ndege na vyombo vya majini, na kusaidia kuanzishwa kwa Mzinga kule Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha risasi ambacho kilikuja kuwa shirika la umma. Nyumbu ya Kibaha ikafuata miaka ya 1980 kwa ajili ya magari. Kwa Mwalimu hesabu ilikuwa ya siasa: nchi iliyowahifadhi FRELIMO, ANC na wengineo haikuweza kutegemea silaha za marafiki wa Lisbon na Pretoria. Sidhani alikosea.

Jambo ambalo mikataba ya zama zile, na hata ya sasa, haikulipa uzito ni uzee wa mzigo. Aprili 29, 2009 ghala la mabomu la JWTZ Mbagala lililipuka. Februari 16, 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Kila mara walikufa zaidi ya watu 20, nyumba zikabomoka, na ile ya pili iliwajaza maelfu ya wakazi katika uwanja wa mpira kutafuta pa kulala. Silaha ikishanunuliwa huendelea kudai gharama: ghala la kisasa, wataalamu wa kuikagua, fedha za kuiteketeza muda wake ukiisha. Muuzaji huleta ankara ya bidhaa. Ankara ya mazishi huja kwetu baadaye.

Sasa rada. Kisa hiki kinajulikana kwa jina, lakini maungo yake yamesahaulika, na ndani ya maungo hayo ndimo kampuni za silaha zinavyoonekana zikitanuka hatua kwa hatua.

Mazungumzo ya kuiuzia Tanzania rada aina ya Watchman yalianzishwa na Siemens Plessey mapema miaka ya 1990. British Aerospace iliponunua biashara hiyo mwishoni mwa muongo, ilinunua pia mazungumzo, pamoja na wakala aliyekuwa akiyasukuma Dar es Salaam. Yaani mkataba wetu ulifika BAE kama fanicha ndani ya nyumba iliyouzwa. Ulitiwa saini mwaka 1999 kwa karibu dola milioni 40, ambazo ni kama pauni milioni 28. Barclays ilitoa mkopo. Kibali cha kuusafirisha mzigo kilisubiri serikali ya Uingereza, na huko ndiko ugomvi ulikowaka: Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga kwa nguvu, Gordon Brown, waziri wa fedha, naye hakuupenda, Tony Blair, waziri mkuu, akaupitisha. Kibali kilitoka Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya Tanzania kufikia hatua ya mwisho ya kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Ukaguzi wa wataalamu wa usafiri wa anga, uliofanywa kwa ajili ya Benki ya Dunia, ulisema mtambo ulikuwa ghali mno, wa kijeshi zaidi, na kwamba kwa ndege za abiria ungehitaji kuongezewa vifaa vingine.

Linaloniuma katika sehemu hiyo si bei. Ni kwamba swali la kama Tanzania inahitaji rada ya kijeshi lilibishaniwa kwa ukali zaidi na mawaziri wa Uingereza kuliko na wawakilishi wetu. Waliopinga na waliounga mkono, wote walikuwa na sababu za kwao: huyu misaada yake, yule ajira za kiwanda cha rada hiyo katika Kisiwa cha Wight. Sisi tulikuwa mada.

Miaka ikapita, wachunguzi wa ofisi ya makosa makubwa ya ulaghai ya Uingereza, SFO, wakafukua vitabu. Kati ya 2000 na 2005 dola milioni 12.4, sawa na asilimia 31 hivi ya thamani ya mkataba, zililipwa kwa kampuni mbili za wakala, Shailesh Vithlani. Moja ilikuwa Merlin International, iliyosajiliwa Tanzania, na kupitia kwake ilipita asilimia moja tu. Asilimia 30 iliyosalia ilikwenda kwa Envers Trading, kampuni ya nje ya nchi, ikilipwa kwa mkono wa kampuni nyingine ya BAE iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Vitabuni malipo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, London, BAE ilikiri kosa moja: kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Haikushtakiwa kwa hongo. Faini ilikuwa pauni 500,000, na jaji hakuficha kwamba ilikuwa vigumu kwake kuamini fedha zile zilikuwa ujira wa ushawishi wa kawaida. Kwa makubaliano na SFO, pauni milioni 29.5 zililipwa kwa ajili ya watu wa Tanzania.

Hapo napo palikuwa na mvutano ambao hausimuliwi vya kutosha. BAE ilitaka kuzigawa fedha hizo yenyewe, kwa utaratibu wake na kupitia mashirika ya hiari, kana kwamba ni sadaka. Juni 2011 Bunge lilituma ujumbe London chini ya Naibu Spika Job Ndugai. Mmoja wa wajumbe alikuwa Mussa Azzan Zungu, mbunge wa Ilala, jimbo ambalo Kariakoo imo ndani yake. Wakadai fedha zirudi serikalini. Kamati ya bunge la Uingereza ikawaunga mkono, na mwaka 2012 zikalipwa, zikanunua vitabu vya kiada zaidi ya milioni nne na madawati ya shule za msingi. Watoto wengi wa shule za msingi walisoma kwenye kitabu kilicholipiwa na rada bila kujua.

Ndani ya nchi, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati mkataba unaandaliwa, Andrew Chenge, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu Aprili 2008 baada ya kuripotiwa kwamba alikuwa na takriban dola milioni moja katika akaunti ya Jersey. Alikanusha kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakushtakiwa. Neno alilotumia kuziita fedha hizo, vijisenti, likabaki mitaani, likitumika mpaka kwenye daladala.

Nimetaja asilimia 31, na wafanyabiashara wa Kariakoo watanielewa haraka kuliko wachumi. Winga hana duka wala mzigo. Anasimama barabarani, anakupokea, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwa mwenye nacho, na bei unayotajiwa imeshabeba cha juu chake. Hana ubaya, mji mzima unajua alivyo, na ukiwa mjanja utarudi peke yako kesho uulize bei tena. Winga wa rada alifanya kazi hiyohiyo kwa tofauti mbili: cha juu kilikuwa karibu theluthi ya mzigo, na mnunuzi, ambaye ni mlipakodi, hakuwa na kesho ya kurudi kuuliza.

Tunayo bahati ya kuwa na mfano wa pili wa kulinganisha. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliingia mkataba na Thales wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa zaidi ya shilingi bilioni 60, yaani chini kidogo ya dola milioni 30. Rais John Magufuli alizindua mradi Aprili 2018. Rada nne, basi, kwa fedha pungufu ya ile moja ya zamani. Sitaki kuivuta hoja hii kupita kiasi: ile ilikuwa na kazi za kijeshi, hizi ni za ndege za abiria, na teknolojia imeshuka bei. Thales nayo si mtakatifu. Afrika Kusini imeishtaki pamoja na Jacob Zuma kwa ununuzi wa silaha wa mwaka 1999. Lakini mkataba wa TCAA ulitangazwa hadharani, thamani yake ikatajwa, na mwenye kazi alikuwa mamlaka inayotoza ada mashirika ya ndege na kujua hasa inataka kuona nini angani. Kampuni ya silaha iliyokutana na mnunuzi anayejijua iliuza kama muuzaji wa kawaida.

Wageni wapya wanabisha hodi. India ilifanya maonyesho ya vifaa vyake vya ulinzi hapa Dar es Salaam Mei 2022, ikarudia Oktoba 2023, na mwezi huohuo Rais Samia alipokwenda New Delhi nchi mbili zilikubaliana mpango wa miaka mitano wa ushirikiano wa ulinzi. Uturuki imepeleka ndege zake zisizo na rubani Ethiopia na Somalia. Jirani zetu wamekwenda hatua mbele: Kenya ilijengewa kiwanda cha risasi Eldoret na FN Herstal ya Ubelgiji miaka ya 1990, na mwaka 2021 ikafungua kingine cha bunduki Ruiru, Uganda ina Luwero Industries pale Nakasongola. Wauzaji hawa wapya huja na mkopo wa benki ya serikali yao, mafunzo, na ahadi ya kuunganisha vifaa hapahapa. Kinachovutia kwenye mkopo wa namna hiyo ndicho cha kuogopwa: mkopeshaji huchagua muuzaji, kwa hiyo ushindani wa bei unakufa kabla zabuni haijaandikwa.

Sheria za kimataifa hazitatuokoa hapo. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inahusu silaha ndogo ndogo, na imefanya kazi ya maana ya kuweka alama na kuteketeza bunduki. Mkataba wa Biashara ya Silaha wa Umoja wa Mataifa, ulioanza kutumika Desemba 24, 2014, unamtaka muuzaji ajiulize kama silaha zake zitatumika kuua raia. Swali jema, hasa ukikumbuka Kongo mashariki. Ila rada ya Watchman ingepita mitihani yote miwili bila jasho. Haikumuua mtu. Ilichukua fedha.

Mara nyingi anayehoji huambiwa kwamba ulinzi ni siri. Mahali jeshi linapoweka mtambo ni siri, na masafa unayofikia ni siri, sina ubishi. Jina la wakala, asilimia yake, nchi ambako kampuni yake imesajiliwa, riba ya mkopo na gharama ya kuutunza mtambo kwa miaka 20 havimpi adui faida yoyote. Hayo ndiyo yaliyofichwa kwetu, na tuliyajua kwa sababu tu mahakama ya London iliyasoma. Kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi iyadai kwa maandishi kabla ya saini yoyote ijayo, yakiwa ya India, ya Uturuki, ya China au ya Ufaransa, na wabunge wa Dar es Salaam, ambao wapiga kura wao wanajua vizuri cha juu ni nini, wawe wa kwanza kuuliza.